Desharji ya mlangoni haitoshi: jibu kwa mpangaji wa fete wa Kampemba

Swali: "Ninapanga harusi na sikukuu za watoto hapa Lubumbashi, komine ya Kampemba. Mwezi uliopita mtoto mmoja alivunjika mkono kwenye kasri la hewa nililokodi (lile jumba la kujazwa upepo, watoto wanarukaruka ndani), na wazazi wanataka nilipe hospitali. Rafiki ameniletea karatasi ya desharji kutoka intaneti: kila mgeni asaini mlangoni kwamba likimpata lolote, mimi sihusiki. Karatasi hiyo inanilinda? Na kama hainilindi, nifanye nini?"

Jibu:

Mama, karatasi hiyo kama ulivyoieleza haitakulinda siku mtu akiumia mwili. Ina kazi yake, ndogo lakini ya kweli, na chini nimeiandika namna inavyopaswa kusomeka. Kinachomlinda mpangaji kwanza ni mkataba unaosema nani ameshika nini, kisha ushahidi kwamba tahadhari zilichukuliwa, kisha bima. Desharji inafuata nyuma ya hivyo vitatu. Peke yake inakupa usingizi mzuri hadi siku ya ajali, basi.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayoamua. Kitabu cha Tatu cha Kanuni yetu ya Kiraia, ya Kongo, kilichotokana na agizo la tarehe 30 Julai 1888, ndicho kinachohusu mikataba na fidia. Kifungu cha 258 kinasema tendo lolote la mtu likimletea mwenzake hasara, aliye na kosa lazima ailipe. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutoangalia mbele. Kinachowanasa wapangaji wengi ni cha 260: unajibu pia kwa makosa ya watu uliowatuma kazi, na kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wako. Vijana wa protokole, wale wanaopokea wageni mlangoni, uliowalipa kwa siku ni watu wako. Kasri la hewa si lako, lakini kama aliyelifunga, kuliwasha na kuwaingiza watoto ni kijana wako, ulinzi ulikuwa mikononi mwako saa ile. Kwa hiyo swali la kwanza katika kesi yako ni hili: nani alikuwa analisimamia, wewe au mwenye kulikodisha? Desharji itakuja kuulizwa baadaye sana.

Ni kweli kwamba kifungu cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana, na hapo ndipo desharji inapotafuta nguvu yake. Lakini makubaliano hayo yana ukomo. Hayafuti hila wala uzembe mkubwa: ukijua kwamba waya umechubuka na ukawasha hata hivyo, hakuna sahihi itakayokuokoa. Yanawafunga waliosaini tu. Mgeni aliyeletwa na shangazi yake, mpita njia aliyeangukiwa na nguzo ya hema, mpishi aliyeungua, hao hawakusaini kitu. Tena kukubali kwenyewe kunaweza kupingwa. Mtu aliyesukumiwa karatasi ya Kifaransa cha herufi ndogo, muziki unapiga, watu 50 wamepanga mstari nyuma yake, wakili wake atasema hakujua alichokubali, naye atasikilizwa.

Kuhusu watoto, mzazi anaweza kutoa ruhusa mtoto wake acheze, lakini fidia ya mwili ulioumia ni haki ya mtoto mwenyewe. Mwenye chini ya miaka 18 hawezi kuitoa haki hiyo, na mzazi haiuzi kwa sahihi ya mlangoni kabla hata ajali haijatokea. Kwa sikukuu za watoto, basi, ile sentensi ya "sihusiki" ni bure kabisa.

Halafu kuna parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 52 hadi 54, inaadhibu kuua au kujeruhi bila kukusudia kwa kukosa tahadhari: kifo kinaweza kuleta kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, jeraha siku 8 hadi mwaka 1, pamoja na faini. Hilo ni deni kwa umma. Hakuna mgeni anayeweza kukusamehe kwa niaba ya mwendesha mashtaka.

Sasa karatasi inayofaa. Ukiisoma utaona haisemi popote kwamba huhusiki:

"Mimi ........, mzazi wa ........ mwenye umri wa miaka ....., nimeelezwa kwa Kiswahili kwamba kucheza ndani ya kasri la hewa kunaweza kuleta kuanguka, kugongana, kuteguka au kuvunjika mfupa. Nimeambiwa masharti: hakuna viatu, miwani, bangili wala kitu chenye ncha, wadogo na wakubwa hawaingii pamoja, filimbi ikipigwa, wote wanatoka. Mtoto wangu hana kidonda, upasuaji wa karibuni wala ugonjwa, isipokuwa huu: ......... Ninamruhusu acheze. Nisipopatikana kwa namba hii ........, ninaruhusu apelekwe hospitali. Tarehe, saa, sahihi."

Nguvu ya maandishi haya ni kwamba yanathibitisha onyo lilitolewa, yanaonyesha masharti yalikuwepo, na yanamfanya mzazi aliyeficha ugonjwa abebe sehemu yake. Hakimu akigawa kosa, karatasi hii inaweza kupunguza sehemu yako. Iandike lugha mbili: Kifaransa kwa ajili ya tribinali, Kiswahili kwa ajili ya anayesaini. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mashahidi wawili, waandike majina yao, naye aweke kidole. Tena itume siku kadhaa kabla, pamoja na mwaliko. Inayosainiwa mlangoni ina nusu ya thamani.

Kwa mali ni rahisi zaidi. Unaweza kuandika kwamba simu, mikoba na vito vibaki kwa wenyewe na kwamba hupokei amana. Ila usijipinge kwa matendo. Ukiweka mlinzi wa magari anayepokea funguo na kutoa tikiti, au meza ya kuchaji simu yenye mtu wa kuandika majina, umekwisha pokea amana, na bango la "hatuhusiki na upotevu" linabaki pambo la ukuta. Chagua moja: weka ulinzi wa kweli, au usipokee kitu.

Mkataba na mteja ndiyo karatasi inayostahili jasho lako. Wapangaji wengi wa hapa bado wanafanya kazi kwa ujumbe wa simu na avansi ya mkononi, na ndiyo maana ugomvi unawakuta mikono mitupu. Andika majina kamili, namba yako ya usajili wa biashara, mahali, saa ya kuanza na saa ya kuzima muziki, bei kwa dola pamoja na namna ya kukokotoa franka siku ya malipo. Kisha, kwa kila kazi, andika jina la anayeishika: hema, sono (vyombo vya muziki), jenereta, chakula, ulinzi, usafi, leseni. Kazi isiyo na jina ndani ya mkataba, siku ya ajali itaitwa ya mpangaji.

Idadi ya wageni iwe kifungu kizima. Tunajua desturi yetu: kadi 300 zinatoka, watu 500 wanafika, na kumrudisha mtu mlangoni ni aibu kwa familia. Lakini ukumbi haujui aibu. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye Stade des Martyrs mjini Kinshasa, watu 11 walikufa katika tamasha lililofurika kupita uwezo wa uwanja. Julai 2024, uwanja huohuo, watu 9 wakafa tena katika tamasha la nyimbo za injili. Kwa hiyo andika: "Idadi ikifika 400, protokole wanafunga mlango. Mteja anamteua ........, simu ........, atakayekuwepo ukumbini tangu mwanzo hadi mwisho, kusema na wageni waliozidi. Mteja akilazimisha mlango ufunguliwe, atasaini kwa saa na dakika, na mpangaji ana haki ya kusimamisha muziki." Yule mtu mmoja aliyeteuliwa ana faida kubwa. Bila yeye, saa tatu usiku utakuwa unabishana na wajomba sita.

Ukumbi wenyewe upime kwa futi kamba kabla ya kuusaini. Kwa kipimo, kanuni za Ufaransa za majengo ya umma ni rahisi kuzitumia: ukumbi wa watu 400 unataka milango miwili ya kutokea, yenye upana wa kupitisha jumla ya mistari mitano ya watu, kwa mfano mmoja wa mita 1.80 (mistari mitatu) na mwingine wa mita 1.40 (miwili), ukipima uwazi halisi mlango ukiwa wazi. Kanuni hizo si sheria yetu, lakini ukiwa na picha ya futi kamba mlangoni umeonyesha kwamba ulifikiri. Tatizo la kawaida mjini kwetu ni kwamba mlango wa pili upo, ila umefungwa kwa kufuli kuzuia wasioalikwa, na mwenye ufunguo amekwenda kula. Mlango huo uwe na mtu anayesimama ndani, bila kufuli, usiku wote.

Fataki za ndani na zile chemchemi za cheche wanazowasha maharusi wakiingia, mimi nazikataa chini ya hema na chini ya dari lililopambwa kwa vitambaa. Septemba 2023, huko Qaraqosh, Iraki, cheche za harusi zilishika dari na zaidi ya watu 100 wakafa ndani ya ukumbi mmoja. Mteja akizitaka, ziwe nje. Hakuna kifungu cha mkataba kinachoweza kufidia hilo.

Nirudi kwenye kasri la hewa, maana litakurudia. Kiwango cha Ulaya, EN 14960, kinadai nanga (vifungio vya kulishikilia chini) zisizopungua 6, kila moja iweze kushika mvuto wa nyutoni 1600, yaani kama kilo 163. Kwenye ardhi, chuma cha kupigilia cha urefu wa sentimita 38 na unene wa milimita 16 kinatosha ardhi ikiwa ngumu. Udongo wetu mwekundu ukilowa Januari unaachia, basi tumia vyuma virefu zaidi au ongeza uzito. Kwenye uwanja wa saruji huwezi kupigilia: unahitaji kilo 163 kwa kila nanga, ambayo ni mifuko 4 ya mchanga ya kilo 50, mara 6, mifuko 24. Nanga inayofungwa kwenye mguu wa meza au bampa la gari si nanga. Upepo ukipita kilomita 38 kwa saa, watoto wanatoka. Usipokuwa na kipimo, angalia miti midogo yenye majani: ikianza kuyumba yote, funga mchezo. Jenereta ikizimika, kasri linaanza kulegea, kwa hiyo msimamizi awe mtu mzima, asiondoke hata dakika, na awe na filimbi shingoni. Mikono mingi huvunjika si kwa kasri kubomoka bali kwa mtoto wa miaka 11 kumwangukia wa miaka 4. Gawa kwa umri, dakika 10 kila kundi, na uandike zamu kwenye daftari. Daftari hilo, lenye saa na majina ya wasimamizi, lina uzito mbele ya hakimu kuliko desharji 100.

Umeme: kivunja mkondo cha miliampia 30, kinachokata umeme unapovuja, kabla ya nyaya zote za nje, waya uliozungushwa kwenye roli ukunjuliwe wote usije ukayeyuka, jenereta ikae nje mbali na madirisha kwa ajili ya moshi wake, na isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Chakula: sombe na nyama viwe juu ya nyuzi 63 hadi vinapakuliwa, na mpishi atenge gramu 100 za kila chakula kwenye friji kwa siku 5. Wageni wakiugua tumbo, sampuli hiyo ndiyo itakayosema kama tatizo lilitoka kwake au kwingine.

Mvua na umeme kukatika vinawaponza wengi kwenye neno "nguvu kuu". Kifungu cha 46 cha kile Kitabu cha Tatu kinamwondolea fidia aliyezuiwa na nguvu hiyo, lakini lazima jambo lenyewe liwe halikuweza kutazamiwa wala kuepukwa. Nani Lubumbashi atasema hakutazamia mvua ya Januari, au SNEL, shirika la umeme, kukata umeme? Hayo ni mambo ya kupanga: hema la akiba, jenereta iliyojaribiwa siku moja kabla kwa mzigo wote. Marufuku ya mikusanyiko kama ile ya Machi 2020, hiyo ni nguvu kuu. Orodhesha ndani ya mkataba yanayohesabika na yasiyohesabika, na useme pesa inakwenda wapi kila mara: inarudishwa, inahamia tarehe nyingine ndani ya miezi 6, au inakatwa gharama zilizokwisha lipwa kwa risiti. Avansi nayo ipewe maana kwa maandishi. Mgawo unaofanya kazi ni asilimia 30 siku ya kusaini, 50 siku 30 kabla, 20 siku 3 kabla. Salio la "baada ya fete" ndilo lisilolipwa.

Wauza huduma wako, wa sono, hema, kasri, kila mmoja asaini karatasi moja: analeta chombo kizima, anakifunga na kukisimamia kwa watu wake mwenyewe, analipa madhara yanayotokana nacho, ana bima namba fulani. Ukisaini hivyo halafu ukamwambia kijana wako "saidia hapo", ulinzi umeurudisha kwako.

Fete ikiwa barabarani au uwanja wa wazi, Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inataka waandaaji waijulishe serikali kwa maandishi. Peleka barua mapema, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, itunze.

Bima. Tangu sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 soko halimilikiwi tena na SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake, na msimamizi wa kampuni za bima ni ARCA. Hakikisha kampuni ina kibali chake. Omba bima ya dhima ya kiraia ya mwandaaji, inayowalipa watu wanaoumia kwa kosa lako, kwa tukio moja au kwa mwaka. Kabla ya kulipa, uliza: kikomo kwa majeraha ya mwili ni dola ngapi, vijana wa siku wamo? michezo ya hewa, sumu ya chakula na fataki vimetolewa? sehemu yangu ya kujilipia ni kiasi gani? natakiwa kutangaza ajali ndani ya siku ngapi? Jibu lije kwa maandishi, maana wakala anaahidi mengi kwa mdomo, na kinachosomwa siku ya ajali ni polisi, yaani hati ya bima yenyewe. Na kama bado unafanya kazi kwa jina lako binafsi, fikiria kufungua SARL, kampuni yenye dhima ndogo, kwenye Guichet Unique, ofisi ya kusajili biashara: deni la biashara halitagusa nyumba yako kirahisi, ingawa kosa lako mwenyewe na parke vinabaki kwako.

Kwa mtoto aliyevunjika mkono, fanya hivi wiki hii. Andika leo maelezo ya tukio: saa, nani alisimamia, watoto wangapi ndani, umri wao, picha za nanga. Waandike mashahidi kabla hawajasahau. Mjulishe kwa barua mwenye kasri, na bima kama unayo. Nenda ukamwone mtoto. Kusaidia matibabu ni utu, na kunazuia kesi nyingi. Ukilipa, lipa moja kwa moja hospitali, na risiti iandikwe "msaada wa matibabu, bila kukubali kosa". Usisaini usiku ule wa hasira karatasi ya "nakiri". Mapatano ya mwisho yasubiri hadi daktari aandike kwamba mfupa umeunga na hakuna kilema. Yakisainiwa mapema, kidole kikikauka baadaye utarudi mwanzo. Yaandikwe na avoka (wakili), wazazi wote wawili wasaini kwa niaba ya mtoto, kiasi kiwe kwa tarakimu na maneno, kilipwe mbele ya mashahidi. Yatafunga madai ya fidia kati yenu, parke hayaifungi.

Halafu faili. Madai ya kawaida ya kiraia kwetu yanaweza kufunguliwa hadi miaka 30. Kila fete iwe na bahasha yake: mkataba, barua yenye muhuri, polisi ya bima, karatasi za wauza huduma, daftari la zamu, picha za milango na nanga zenye tarehe. Nakala ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza.